Pimeni Mto Wenu, Enyi Watu wa Awendo

Yule malaika aliyemwonyesha nabii Ezekieli mto wa uzima alikuwa na uzi wa kupimia mkononi. Jambo hili sisi wahubiri hulipita mbio. Tunakimbilia mwisho wa maono, kwenye samaki tele, nyavu zilizoanikwa, miti isiyonyauka na majani yake ya dawa, na waumini wanaitika amina hadi mabati yanatikisika. Lakini fungueni tena sura ya arubaini na saba mhesabu. Malaika alipima dhiraa elfu moja, maji yakaishia vifundoni mwa nabii. Akapima elfu nyingine, yakafika magotini. Elfu ya tatu, kiunoni. Elfu ya nne, mto umekuwa mkubwa, hauvukiki tena kwa miguu. Amepima mara nne, na mara tatu amemvusha nabii athibitishe kwa mwili wake mwenyewe. Habari za samaki na dawa zilikuja baada ya kipimo.

Basi nawauliza, watu wa Awendo, nanyi wa Rongo, Uriri na Nyatike: mto wenu umepimwa na nani? Na kama umepimwa, namba zake ziko wapi?

Mto Sare unapita hapa kwetu kati ya mashamba ya miwa, kisha unakwenda kuongeza maji ya mto Kuja. Kuja wenyewe unatoka milima ya Gusii, ambako jina lake ni Gucha, unakusanya mvua ya Kisii na Nyamira, unashuka kwetu, unaungana na mto Migori, na baada ya mwendo wa karibu kilomita 150 unaingia Ziwa Victoria kule Nyatike. Anachomwaga mtu wa juu anakinywa mtu wa chini, na sisi wa Awendo tuko katikati: tunanyweshwa na tunanywesha.

Shukeni mtoni asubuhi yoyote mwone. Kijana wa bodaboda ameingiza pikipiki hadi maji yafunike nusu ya magurudumu, anaisugua kwa sabuni ya unga, na oili inatandaza rangi zake juu ya maji. Hatua chache chini yake ng'ombe wanakunywa na kufanya haja papo hapo. Chini ya ng'ombe ameinama mama mwenye mtungi wa lita 20. Anachukua kikombe cha plastiki, anasukuma povu pembeni mara mbili, tatu, mpaka paonekane pasafi, kisha anaanza kuteka. Mwulizeni kama maji hayo ni salama. Atawajibu kwa upole kwamba maji yanayotiririka hayana ubaya, yanajisafisha yenyewe.

Simlaumu huyo mama. Nani alimwambia vingine? Lakini nasema leo, na niandikwe: maji yanayotiririka hayajisafishi kwa sababu tu yanatiririka. Yanabeba. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kisiwe hata na kijidudu kimoja cha E. coli katika mililita 100, kwa sababu kijidudu hicho ni shahidi kwamba kinyesi kimepita. Hakuna jicho linalokiona. Maji yanaweza kumeta kama kioo na yakawa na kipindupindu ndani yake. Mwanzoni mwa 2015 kipindupindu kilipopiga Migori na Homa Bay, kuna nyumba ngapi zilizokuwa zimeyaona maji yao na kuyapitisha kwa macho?

Mkulima wa miwa hapa Awendo anajua tani zake. Trekta likipita kwenye mizani, stakabadhi ile haiachi mkononi. Anaikunja, anaiweka ndani ya Biblia au chini ya godoro, na akipunjwa kilo hamsini atafika mpaka kwa chifu. Ni haki yake. Lakini mtu huyo huyo anakunywa maji ambayo hayajapita kwenye mizani yoyote tangu azaliwe, na watoto wake wanayanywa, na hajawahi kuuliza stakabadhi. Wahenga walitukanya mapema: mali bila daftari hupotea bila habari. Miwa ina daftari. Mto hauna.

Nendeni sasa nami mpaka machimboni, maana huko ndiko moyo wangu unakouma zaidi. Ukanda wa dhahabu wa Migori una historia. Mgodi wa Macalder ulichimbwa na kampuni za wakoloni tangu miaka ya 1930, ukafungwa 1966, na bwawa la Gogo juu ya Kuja lilijengwa miaka ya 1950 ili kuupa mgodi huo umeme. Wakoloni wakaenda, dhahabu ikabaki, na wenyeji wakaingia na sururu zao. Mpaka leo wamo, Macalder, Masara, Osiri, wakitafuta ada ya shule na unga wa ugali. Jasho lao ni halali, wala silisemi kwa dharau.

Lakini tazameni kazi inavyofanyika. Mawe yanasagwa kwenye kinu cha mashine mpaka yawe unga. Unga unasuuzwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa nguo, na mchanga mzito unaonaswa pale unatiwa kwenye karai. Anaketi mama mbele ya karai, anafungua kichupa kidogo, anadondosha zebaki, na anaanza kukoroga kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu. Anakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kisichojaa kiganja. Kidonge kinawekwa juu ya jiko la makaa. Zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki ikimeremeta. Mvuke ule haupotei, ndugu zangu. Unaingia kwanza kifuani mwa aliyeinama pale, mara nyingi na mtoto mgongoni. Maji ya karai yanamwagwa, na mvua ya kwanza inayasukuma mpaka kijitoni.

Huko kwenye matope ya mto na ziwa, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayoshikamana na mwili. Wadudu wanaila, samaki wadogo wanawala wadudu, mbuta anawala samaki wadogo, na kila ngazi sumu inazidi kujilimbikiza. Tunaokaa juu ya ngazi ni sisi. Na kwa mama mjamzito inavuka kondo la nyuma na kugusa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Msiniambie mtachemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni jambo jema, endeleeni. Lakini zebaki, risasi na aseniki havifi kwa moto. Maji yanapungua sufuriani na sumu inabaki pale pale.

Je, nazua? Mwaka 2002 watafiti Ogola, Mitullah na Omulo walichapisha uchunguzi wao juu ya ukanda huu huu wa dhahabu wa Migori, wakaonyesha kwamba zebaki, risasi na aseniki vimezidi viwango vinavyokubalika. Mwaka 2002! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye kura. Utafiti ulisomwa Ulaya na Marekani. Niambieni ni kanisa gani, ni baraza gani la chifu, ni mkutano gani wa wazazi wa shule hapa kwetu uliosomewa matokeo yale kwa lugha ambayo dani, yaani bibi yetu, anaielewa.

Kuna mji Japani unaoitwa Minamata. Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso, jina lake Hosokawa Hajime, alitoa taarifa ya ugonjwa usioeleweka: watu wanatetemeka, ulimi unakuwa mzito, paka wa wavuvi wanaruka kama wamepagawa na kujitupa baharini. Mwaka 1959 daktari huyo alichukua maji machafu ya kiwanda akamlisha paka. Paka akaugua vilevile. Kipimo kilikuwa kimesema kweli! Kampuni ikakifungia kipimo kabatini, na zebaki ikaendelea kumwagwa mpaka 1968. Watoto walizaliwa na viungo vilivyopinda katika miaka hiyo, ilhali jibu lilikuwa kwenye karatasi. Mkataba wa dunia wa kuidhibiti zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Kenya ilitia saini mwaka huo huo, ikauridhia 2023. Saini tunazo. Tunachokosa ni kujua, kijito kwa kijito na msimu kwa msimu, zebaki imefika wapi.

Mnakumbuka watu wa Yeriko walipomwendea Elisha? Hawakuja na nyimbo. Walikuja na taarifa: mji wetu mahali pake pazuri, ila maji ni mabaya na nchi inaharibu mimba. Taarifa fupi, isiyo na fitina, iliyotolewa na wakazi wenyewe. Na Elisha hakwenda kutia chumvi kwenye mitungi majumbani. Alipanda mpaka yanakotoka maji. Nabii hakufika kwenye chanzo mpaka wenyeji waliponena, nasi tumenyamaza miaka mingapi?

Sasa kuna wanaonivuta kanzu wakitaka nitaje kiwanda cha sukari. Kila samaki wakielea, kila maji yakinuka, kidole ni huko. Nitasema ninalolijua. Maji yoyote yenye sukari yakiingia mtoni, bakteria huyashangilia. Wanakula, wanazaliana, na wanapokula wanatumia hewa ya oksijeni iliyo majini mpaka samaki wanakosa pumzi. Ndiyo maana kanuni zetu za 2006 ziliweka kikomo: maji yanayotoka kiwandani yasihitaji oksijeni zaidi ya miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hicho cha ulaji wa bakteria. Thelathini. Namba hiyo ndiyo hakimu, si kelele za sokoni. Mtu asiye na namba hawezi kushtaki, na kiwanda kisichotundika namba zake mahali pa wazi hakiwezi kujitetea. Wote wawili wanabaki kwenye uvumi, na uvumi haujawahi kusafisha mto. Tena tusijifiche nyuma ya kiwanda. Mbolea inayosombwa kutoka mashambani mwetu, vyoo tulivyochimba ukingoni, machinjio, zile pikipiki: navyo vina namba zake.

Mnaodhani kupima mto ni mambo ya wazungu, sikilizeni. Maji ya Sare yakifika ziwani hayalali. Yanatoka Jinja, yanakuwa Nile, yanashuka mpaka Misri. Na kule Kairo, kwenye kisiwa cha Roda, Waarabu wa Misri walijenga mwaka 861 nguzo ya mawe yenye alama za dhiraa ndani ya kisima kilichounganishwa na mto. Kila mwaka walisoma Nile imepanda kiasi gani, wakaandika, na kwa kuandika walijua kama ni mwaka wa shibe au wa njaa, na kodi itozwe kiasi gani. Waliupima mto ambao sehemu ya maji yake yanatoka kwetu. Wao wa mwisho walikuwa na daftari, sisi wa mwanzo hatuna!

Si kwamba hakuna kitu kabisa. Kule Wath Onger, chini ya pale Kuja na Migori inapokutana, kuna kituo cha kupimia mto, kinachojulikana kwa namba 1KB05. Kazi ya vituo vya namna hiyo ni ya unyenyekevu mno: ubao wenye alama za sentimita umesimamishwa majini, na mtu anakwenda kuusoma na kuandika, mvua au jua. Hakuna anayempigia makofi. Lakini Kuja unapofurika na kuwafukuza watu wa Nyatike makwao, namba za mtu huyo ndizo zinazoweza kumwambia mtu wa chini ahame usiku huu badala ya kesho. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likaivuka rekodi yake ya Mei 1964. Tulijuaje kwamba ni rekodi? Kwa sababu kule Jinja na Entebbe kuna watu waliosoma kipimo tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakafa, wengine wakashika daftari.

Na wale wanaogombana kuhusu mipaka ya mto wajue hili, maana wengi hawalijui. Kanuni za maji za 2006 zilikataza kulima na kuendeleza ukingo wa mto kwa upana usiopungua mita 6, hadi mita 30, kila upande, kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kilichorekodiwa! Pasipo rekodi, mpaka unaanzia wapi? Unaanzia anapotaka mwenye nguvu.

Nasikia mtu nyuma akisema, hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, kwa sehemu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ipo, mamlaka ya mazingira, NEMA, ipo, kaunti ipo, na kila moja idaiwe kazi yake. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inawatambua pia wananchi wenyewe katika vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na chama cha namna hiyo ni ninyi: mkulima, mvuvi, mama wa mtungi, mchimbaji, mwenye kiwanda, wote meza moja. Ofisa mmoja mwenye gari bovu na kaunti ndogo tatu hawezi kuwa Sare kila Jumatatu. Ninyi mpo Sare kila siku.

Na vipimo vya kuanzia havihitaji maabara. Mwaka 1865 padri Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Papa, aliteremsha sahani nyeupe baharini kutoka merikebuni na kuandika inapotelea kina gani. Basi. Kwa sahani kama hiyo watafiti walipima uangavu wa ziwa letu miaka ya 1920, na wa miaka ya 1990 walipolinganisha namba zao na zile za zamani walijua jinsi lilivyochafuka. Padri, jamani, mtu wa madhabahu! Sisi tunashindwa nini? Vijana wa shule za sekondari wanaweza kufanya kazi nyingine nzuri zaidi: kugeuza mawe. Afrika Kusini wanafundisha wanafunzi kuinua jiwe mtoni, kuwasugua wadudu walio chini yake ndani ya sahani yenye maji, kuwatambua na kuupa mto alama. Vibuu vya aina fulani havivumilii uchafu, vikitoweka mto umekwisha kuugua. Ukikuta ruba na minyoo tu, umechelewa. Mtoto aliyewahi kuona kibuu cha kereng'ende kikinyoosha taya yake kukamata windo hatatupa tena betri mtoni.

Kwa kinyesi, kuna chupa yenye karatasi ya dawa inayogeuza maji kuwa meusi ikiwa yamechafuliwa, njia iliyobuniwa India na kuchapishwa 1982. Haikupi hesabu kamili, lakini rangi nyeusi inaeleweka na asiyesoma, na naona hiyo ina nguvu kuliko hotuba yangu hii yote. Kwa zebaki na risasi hakuna njia ya mkato: sampuli zipelekwe maabara, kwa utaratibu, msimu wa kiangazi na msimu wa mvua, na gharama iingizwe kwenye bajeti ya kaunti kabla ya mahema na viti vya sherehe.

Mtaniuliza faida. Kule Busia chemchemi zilijengewa na kukingwa, na watafiti akiwemo Michael Kremer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya 2019, wakapima kabla na baada. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa takriban robo. Lakini wangepima chemchemi peke yake wangejipongeza na kwenda zao. Walipima hadi mitungi ya nyumbani, wakakuta faida imepungua sana njiani, kwa mikono, vikombe na vyombo vichafu. Kipimo kile kiliwaonyesha tatizo la pili, na ndiyo sababu ya kupima mpaka mwisho, penye dapi, ule mtungi wa mama.

Kwa hiyo nawasihi, na sitawasihi kwa maneno laini. Wazee wa kanisa, tengeni daftari moja la mto, karani awe kijana mwenye mwandiko na uaminifu. Walimu, pelekeni darasa Sare mara moja kila muhula, mwalimu wa kemia na wa biolojia pamoja. Wachimbaji, acheni kuchoma zebaki penye watoto leo hii, wala msisubiri utafiti wowote kwa hilo. Na ninyi mliosoma sheria, andikeni barua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinawapa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 70 kinawaruhusu kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira hata kabla ya mtu kuonyesha kwamba ameumia. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinamlazimisha ofisa kujibu ombi lenu ndani ya siku 21, na ikiwa jambo linahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48.

Maji yanahusu uhai. Barua iwe na ombi moja tu: matokeo yote ya vipimo vya maji ya Sare, Kuja na Migori yaliyo mikononi mwa ofisi hiyo, kwa tarehe na mahali vilipochukuliwa. Yakija, yasomwe kanisani kabla ya matangazo ya harambee. Yasipokuja, jibu hilo la kimya nalo lisomwe, pamoja na jina la ofisi na tarehe barua ilipopokelewa. Iandikeni wiki hii.